Farao Hakubeba Jiwe Hata Moja

Nianze bila salamu ndefu. Vitabu vya piramidi wanavyopewa watoto wetu hapa Igunga ni mitumba, na wala sisemi hivyo kwa sababu vimeshatumika. Kitabu kilichotumika hakina kosa. Mimi mwenyewe nimekua na vitabu visivyo na jalada, vingine bila ukurasa wa mwisho, mwisho nikautunga mwenyewe. Nasema ni mitumba kwa sababu vilikatwa kwa kipimo cha mtoto mwingine, vikavaliwa huko mpaka vikachokwa, vikatiwa kwenye boksi vikaletwa, na sisi huku tukapanga mstari tukapiga makofi. Mgeni rasmi kahutubia, picha zimepigwa, soda zimenywewa. Boksi lenyewe? Halijafunguliwa.

Nikalifungua mimi. Siku za Jumamosi huwa nawasomea watoto hadithi katika shule moja hapa mjini, jina lake naliweka mfukoni, na mwalimu anayetunza maktaba (maktaba yenyewe ni kabati la chuma) akaniambia, "Kijana, si wewe unayejiita mwandishi? Haya, tuchagulie." Nikamwambia sawa Mwalimu, nikakaa chini. Ndani ya lile boksi mlikuwa na vitabu vitano vya piramidi za Misri. Vitano! Vya Mirambo hakuna hata kimoja, ila hilo nalo lina siku yake.

Cha kwanza ni cha watoto wadogo: ukifungua, maiti iliyoviringishwa vitambaa inainuka na kukunyooshea mikono. Cha pili ni habari za laana ya Farao. Cha tatu jaladani kina uso wa dhahabu wa Tutankhamun, na ndani yake ngamia wanakokota mawe. Cha nne ni cha vijana, kinauliza kama piramidi zilijengwa na viumbe kutoka nyota nyingine, na kina ule ujanja wa mjini wa kuuliza tu bila kujibu, ili ukimkamata mwandishi akuruke. Cha tano kimechanika mgongo na hakina rangi hata moja. Hicho ni "Pyramid" cha David Macaulay, kilichotoka mwaka 1975, michoro ya wino mtupu, na humo unaona kamba, nyundo, matope, mtu kachuchumaa anapima. Kilikuwa kimetengwa pembeni pamoja na vya kutupa. Eti hakivutii.

Basi nikajitengenezea kipimo. Nafungua kitabu katikati na kuuliza: humu nani anabeba jiwe? Kama hakuna mtu, kama piramidi imesimama tu jangwani peke yake kama uyoga, nakifunga. Kama anayebeba ni ngamia au kiumbe wa angani, nakifunga kwa kishindo. Kipimo hiki hakibadiliki kwa umri. Mtoto wa miaka mitano na kijana wa miaka kumi na tano wote wana haki ya kumwona mtu aliyebeba jiwe. Kinachobadilika ni kiasi tu, kama chakula: huyu kijiko, yule sahani. Lakini hakuna mama anayempa mtoto mdogo mchanga kwa hoja kwamba akikua atakula ugali.

Wenzangu wengi hawakubali. Wanasema mtoto mdogo mpe picha yoyote yenye rangi, ukweli atakutana nao sekondari. Ndugu zangu, huko sekondari ukweli wenyewe unamsubiri kwa Kiingereza! Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba anafika kidato cha kwanza, anakutana na Misri ya kale katika lugha anayoikariri, anaandika neno kwa neno alichoandika mwalimu ubaoni, anafuta. Kwa hiyo ile picha ya ngamia aliyopewa akiwa mdogo ndiyo anayobaki nayo mpaka uzee. Mdogo ndiye anayestahili ukweli zaidi, kwa kuwa yeye hana kitabu kingine cha kulinganisha.

Sasa tuone tunajua nini, maana wapo wanaodhani habari za piramidi zote ni fumbo na kila mtu aseme lake.

Piramidi kubwa ya Giza ilijengwa kwa ajili ya mfalme Khufu, miaka ipatayo 4,600 iliyopita. Kimo chake cha mwanzo kilikuwa meta 146 na ushee, kila upande meta 230, na mawe yake yanakadiriwa kuwa milioni 2.3. Tarakimu hizo zimo katika kila kitabu, na zikiachwa hivyo zinamlaza mtoto usingizi. Mtoe nje, mpeleke mbugani. Meta 230 ni viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu, na bado inabaki. Kuizunguka mara moja ni kilometa kasoro kidogo. Jiwe la wastani ni tani mbili na nusu, yaani magunia 25 ya mahindi, ya kilo mia mia. Gawa mawe yote hayo kwa miaka 20, ile miaka aliyoitaja Mgiriki Herodotus, utapata mawe mia tatu na zaidi kila siku ya Mungu. Kwa siku ya saa kumi za kazi ni jiwe moja kila dakika mbili. Piga makofi kila dakika mbili uone mkono utakavyochoka.

Hapo mtoto anaanza kutoka jasho. Na akishatoka jasho anauliza lile swali ambalo mtoto mmoja wa darasa la nne aliniuliza: "Kaka, sasa watu wote hao walikuwa wanakula wapi?"

Wachimbaji wa mambo ya kale wametumia miaka mingi kulijibu swali hilo hilo. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo kusini mwa piramidi za Giza, na hapo yakaanza kuonekana makaburi ya wajenzi wenyewe. Karibu na hapo Mmarekani Mark Lehner na wenzake wamefukua mji wao: maoko ya mikate, mahali pa kulala, mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Ng'ombe, jamani! Mtoto wa Kisukuma wa hapa Igunga, ambaye kwao utajiri ni zizi, mwambie kwamba aliyejenga piramidi alikuwa anakula nyama ya ng'ombe, uone anavyokaa sawasawa kusikiliza. Na mifupa ya wajenzi nayo inasema: mingine ilivunjika ikaungwa ikapona, maana yake kulikuwa na mtu wa kumfunga mwenzake mguu na kumlisha hadi apone.

Wajenzi hao waligawanywa kwenye vikosi, na vikosi vilikuwa na majina, yaliyoandikwa kwa rangi kwenye mawe. Katika kazi ya piramidi ya Menkaure kulikuwa na kikosi cha Marafiki wa Menkaure na kingine cha Walevi wa Menkaure. Sitanii. Niliposoma habari hiyo mbele ya watoto walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili yake akachungulia, na mmoja akaamua papo hapo kwamba Marafiki ndio Simba na Walevi ndio Yanga. Sikumpinga wala sikumuunga mkono, ninaishi mtaa huu huu.

Halafu kuna Merer. Huyu laiti ningekuwa na uwezo ningemwandika kwenye kuta za kila shule. Mwaka 2013 Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walifukua huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, vipande vya karatasi za mafunjo zenye maandishi, za zamani kuliko zote zilizowahi kupatikana. Humo mlikuwa na shajara ya kazi ya msimamizi mmoja anayeitwa Merer. Siyo mfalme, siyo kuhani. Ni nyapara wa kikosi cha watu wapatao 40 wenye jahazi. Kaandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe ya chokaa Tura, leo tumelala hapa, leo tumefika Giza, tumeshusha, tunarudi. Basi. Ni kama daftari la utingo wa Fuso. Na katika daftari hilo mna piramidi ya Khufu inajengwa, kwa mkono wa mtu aliyekuwepo.

Sasa niambieni, kitabu chenye Merer na kitabu chenye kiumbe wa angani, kipi kina maajabu zaidi?

Najua swali la utumwa linakuja. Vitabu vingi, na filamu, vimeshazoea kutuonyesha watumwa kwa maelfu wakichapwa mijeledi. Ushahidi wa makaburi na mji wa wajenzi unapinga: waliopumzishwa kwa heshima jirani na mfalme wao hawakuwa bidhaa ya sokoni. Lakini nawaomba wale wenye haraka wasikimbilie upande wa pili wakasema walikuwa vibarua wa hiari wanaokwenda kazini wanapiga miluzi. Ilikuwa zamu ya lazima ya serikali, unaitwa unakwenda, unalishwa. Mtoto wa hapa haelewi? Anaelewa sana. Muulize babu yake kazi za maendeleo za kulazimishana zilikuwaje, mambo ya kuitwa na tarumbeta. Kwa mdogo sema: waliitwa na mfalme, wakafanya kazi ngumu, wakapewa mikate. Kwa mkubwa ongeza: na aliyekataa je? Mwache afikiri.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno. Kiswahili chetu kimeshamhukumu huyu mfalme kabla kitabu hakijafunguliwa. "Firauni" kwetu ni tusi. Mtu mwovu, fisadi wa tabia, anaitwa firauni, na matendo yake ufirauni. Mwandishi anayeandika kwa watoto wa Tabora, ambako msikiti na kanisa vinasikilizana sauti, akiandika Firauni mama mmoja atavuta mtoto, akiandika Farao mwingine atauliza hii ni Biblia? Mimi natumia Farao, na kwa Khufu namwita kwa jina lake, Khufu, maana si yeye anayesimuliwa na Musa. Wazazi wanaohofia upagani nawaambia kwa adabu: someni tena Kitabu cha Kutoka. Mna matofali, mna miji ya Pithomu na Ramesesi, piramidi hazimo. Ukichanganya umeongeza neno ambalo Kitabu hakikulisema.

Turudi kwenye umri, nianze na wadogo, wa chekechea hadi darasa la pili. Hawa wanadharauliwa kuliko wote. Kile kitabu cha maiti inayoinuka kina dhambi moja kubwa, na siyo kumtisha mtoto. Mtoto hutishika akapona. Dhambi ni kumfanya marehemu kuwa kitu cha kushtuana. Mtoto wa Igunga ameshakaa msibani akiwa mgongoni mwa mama yake, ameshakula wali wa msibani, ameshaona kaburi la bibi nyuma ya nyumba. Hahitaji kufichwa kwamba piramidi ni kaburi. Mwambie hivyo hivyo: mfalme alikufa, wakamzika, wakamjengea. Ataelewa kuliko mtoto wa huko kilikotoka kitabu, ambaye pengine hajawahi kuona jeneza. Ila maiti kwetu si mchezo.

Kwa umri huo mimi nawapa jahazi. Mwaka 1954 kando ya piramidi ya Khufu ilifunguliwa hori iliyofunikwa kwa mawe, ndani mna jahazi limevunjwavunjwa likapangwa vipande 1,224. Fundi wa Kimisri, Ahmed Youssef, alitumia miaka mingi kuliunganisha, likawa chombo cha meta 43 hivi. Mbao zake hazikupigwa misumari, zilifungwa kwa kamba. Kwa kamba, kama mtepe wa pwani yetu! Mtoto mdogo mpe vijiti na uzi wa katani, mwambie atengeneze mashua bila msumari. Hicho ni kitabu cha piramidi tayari, na maiti hajainuka. Na kwenye picha awepo punda. Punda alikuwepo Misri, anabeba, anapigwa, anakaidi, kama huyu wa mkokoteni wa maji hapa kwetu. Ngamia hakuwa amezoeleka Misri ya Khufu, alikuja kuenea baadaye sana. Ukiona ngamia anakokota jiwe la piramidi, jua mchoraji alitazama picha ya watalii.

Wa kati, miaka tisa hadi kumi na mbili, ndio watamu. Hawa wanahesabu, wanabishana, wanataka kuona kwa macho. Hawa ndio wa kupewa Merer. Na wapewe jaribio. Katika kaburi la mkubwa mmoja wa Misri, Djehutihotep, aliyeishi miaka 600 na zaidi baada ya Khufu, kuna mchoro wa watu wanavuta sanamu kubwa juu ya sileji, yaani ubao usio na magurudumu, na mbele amesimama mtu anamwaga maji mchangani. Kwa muda mrefu wasomi walisema ni tambiko. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima wakaonyesha kwamba mchanga ukiloweshwa kwa kiasi, nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu. Ukizidisha maji, umejiharibia. Sasa mtu wa Igunga anayejua tope la mbuga ya Wembere linavyonasa mkokoteni ndiye angefundisha somo hilo! Chukua ubao, weka jiwe, funga kamba, vuta juu ya mchanga mkavu, halafu umwagie maji kidogo kidogo. Gharama yake ni ndoo moja.

Na hiyo ndoo ya maji nayo ina habari. Maji ya bomba hapa mjini siku hizi yanatoka Ziwa Victoria. Nile inatoka ziwa hilo hilo kwa upande wa pili. Kwa haki niseme kwamba mafuriko yaliyorutubisha mashamba ya Misri yalitoka zaidi milima ya Uhabeshi, wasije wakanishika uongo, lakini mtoto anayekinga ndoo bombani hapa anakinga ndugu wa maji yaliyobeba mawe ya Merer. Kwa nini hilo halimo katika kitabu chochote kati ya vile vitano? Halimo kwa sababu aliyeandika alikuwa anamwandikia mtoto anayeiona Misri kwenye makumbusho ya mjini kwao, ndani ya kioo. Sisi Misri tunaipata kwa bomba.

Mshikaji mmoja wa kijiweni alinibishia hapo: Igunga na Giza wapi na wapi? Nikamwambia mkoa huu umo katika habari za Nile kuliko anavyodhani. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa hapo, aliwaeleza habari za maziwa. Mwaka uliofuata Speke akatoka Kazeh akaelekea kaskazini, akavuka Unyamwezi na Usukuma, mwezi wa nane akafika kwenye maji karibu na Mwanza, akatangaza kwamba chanzo cha Nile kimepatikana. Kimepatikana! Watu walikuwa wanavua humo.

Na mizigo yake ilibebwa na nani? Hapo ndipo hadithi ya piramidi na hadithi ya njia ya misafara zinakuwa hadithi moja. Kitabu cha Khufu kinasema "Khufu alijenga", kitabu cha Speke kinasema "Speke aligundua", na chini ya maneno mawili hayo kuna maelfu ya mabega. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, kwa miezi, mpaka Bagamoyo. Jiwe moja la Khufu ni mizigo ya wapagazi 78. Mfanye mtoto apige hesabu hiyo ndipo atajua piramidi ni nini, atajua na babu yake alikuwa nani. Na kama wajenzi wa Giza, wapagazi nao wamesingiziwa wote kuwa watumwa. Watumwa walikuwepo katika njia ile, na uchungu wao usifutwe, lakini mwanahistoria Stephen Rockel katika kitabu chake cha 2006 ameonyesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wanaojadiliana malipo, wanaogoma, wanaojivunia kazi. Nenda Kwihara ukalitazame tembe la Livingstone. Jina la nyumba ni la mgeni. Waliobeba maiti yake mwaka 1873 walipita nayo Unyanyembe humu humu.

Vijana wa sekondari sina haja ya kuwaremba. Wape ugomvi. Wape Herodotus na watu wake 100,000, kisha wape mji uliofukuliwa, wapime wenyewe. Wape Cheikh Anta Diop wa Senegal, aliyetoa hoja mwaka 1954 kwamba Misri ya kale ilikuwa ya watu weusi, na mkutano wa UNESCO wa Kairo mwaka 1974 ambako alibishana na wenzake uso kwa uso. Sisemi mafarao walikuwa Wanyamwezi. Nasema kitabu kinachowapaka wote rangi ya waridi kimeshachukua upande kimya kimya, na kijana ana haki ya kujua kuna ubishi. Wape Meroe ya Sudan, yenye piramidi nyembamba zilizochongoka, maana ukihesabu piramidi zote za Wanubi zinapita mia mbili, Sudan ina nyingi kuliko Misri, na vitabu vinne kati ya vile vitano havikuitaja. Wape na Mtaliano Giuseppe Ferlini, aliyezivunja vilele mwaka 1834 akitafuta hazina. Huyo ndiye laana ya piramidi.

Maana ile laana nyingine ni longolongo. Kwanza Tutankhamun hakuzikwa kwenye piramidi. Alizikwa kwenye mwamba, katika Bonde la Wafalme, zaidi ya miaka 1,200 baada ya Khufu. Kumweka jaladani mwa kitabu cha piramidi ni kama kuweka picha ya treni ya umeme jaladani mwa kitabu cha misafara. Pili, Lord Carnarvon aliyegharamia uchimbaji alikufa mwaka 1923 baada ya jeraha la kuumwa na mbu kuoza. Howard Carter, aliyelifungua kaburi mwenyewe, aliishi mpaka 1939. Mbu wa hapa Igunga anaua bila kutumwa na Farao.

Na viumbe wa angani? Mwaka 1968 Erich von Däniken alitoa kitabu cha Kijerumani kilichoeneza hoja hiyo dunia nzima, na mwaka 2020 tajiri Elon Musk aliandika mtandaoni kwamba ni dhahiri piramidi zilijengwa na viumbe wa angani, waziri mmoja wa Misri akamkaribisha aje ayaone makaburi ya wajenzi. Siku hizi vijana wanarushiana video za namna hiyo kwenye simu, wanaona noma kweli. Nawauliza swali moja: mbona makanisa makubwa ya Ulaya hayakujengwa na viumbe wa angani? Mbona ni Misri tu, na Zimbabwe Kuu, ambayo walowezi wa Rhodesia walisema ni kazi ya Wafoinike, mtu yeyote ilimradi asiwe wa hapa? Mtoto akishajua kuuliza hivyo hatapumbazwa tena, na darasa la saba anaweza.

Sasa nageukia kwenu, masela wa kalamu, mnaosoma jarida hili kwa sababu mmeleta shairi na mnangojea litoke. Tunawalaumu wafadhili kwa boksi lao. Je, sisi tumeweka nini badala yake? Nimepita maduka yote ya madaftari ya hapa mjini, nikasaka kitabu cha Kiswahili cha piramidi kwa mtoto wa darasa la nne, sikukiona. Tunaandika mapenzi ya Dar, jambazi kapigwa risasi, changudoa kaokoka. Tukikumbuka watoto, tunawarudishia sungura na fisi kwa mara ya elfu, fisi mwenyewe keshachoka. Msiniambie hapakuwa na njia. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, umetoa vitabu vya Kiswahili vizuri tu, walioandika ni watu kama sisi.

Wala msiniambie dawa ni kutafsiri vile vitano. Ukitafsiri ngamia unapata ngamia. Na hoja ya gharama ya rangi ameshaijibu Macaulay: wino mweusi na akili. Kurasa ishirini na nne, zapigwa mashine ya fotokopi, zinabanwa pini mbili katikati. Jarida hili lenyewe linatoka hivyo hivyo, na mnalisoma.

Mimi nimeshaanza. Nina kurasa nane za Merer kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili. Anaamka kabla ya jua, anahesabu watu wake, mmoja hayupo, anaumwa tumbo. Nagombana na mwenzangu juu ya neno moja: nimemwita Khufu "mtemi", yeye anasema mtemi ni wa Unyamwezi, niandike "mfalme". Namjibu kwamba mtoto wa hapa akisikia mtemi anajua papo hapo nani anaitwa kazini na nani anaita. Hatujaelewana, kila mmoja ana nakala yake yenye neno lake. Kilichonikwamisha zaidi ni michoro. Nimeshawaendea wachoraji wawili, mmoja wa vibao vya maduka, mwingine wa nyuma ya malori, wote mafundi hasa. Wote wawili wamenichorea ngamia.